Barua ya wazi kwa wasimamizi wa majukwaa ya mtandaoni: mwacheni mwanachama afute alichokiandika

Waheshimiwa wasimamizi,

Nawaandikia ninyi mnaoshika funguo za majukwaa ya majadiliano mtandaoni, makubwa kwa madogo, mnaolipwa kwa kazi hiyo na mnaoifanya kwa kujitolea usiku baada ya shughuli zenu. Jambo langu ni moja: mwanachama aliyeandika chapisho kwa mkono wake apewe uwezo wa kulifuta kwa mkono wake, siku yoyote atakayoona kuna haja, bila kumpigia magoti mtu. Najua kwamba kanuni hutofautiana. Baadhi ya majukwaa huruhusu kuhariri kwa dakika chache, kisha kitufe hutoweka. Mengine huruhusu kufuta mpaka pale mtu wa kwanza atakapojibu. Na mengine hayana kitufe hicho kabisa, bali humtaka mwanachama aombe, na ombi huamuliwa na msimamizi aliye zamu kwa kadiri atakavyoona. Nimekuwa mwanachama wa majukwaa ya aina zote hizo kwa zaidi ya miaka 15, na ninaamini kwamba kanuni hizi zimeegemea upande mmoja kwa muda mrefu mno.

Nianze na lililonifikisha hapa. Nikiwa na umri wa miaka 20 niliandika katika jukwaa moja la masuala ya afya kuhusu ugonjwa wa mdogo wangu wa kike. Ilikuwa saa nane za usiku, nimechoka, nina hofu, na sikuwa na mtu wa kumuuliza. Nilitumia jina la kubuni nikaamini kwamba hilo linatosha. Lakini katika kueleza nilitaja umri wake, darasa alilokuwa akisoma, jinsi alivyoanguka mbele ya wenzake, dawa alizoandikiwa, na maneno aliyoniambia siku aliyokataa kuzimeza. Watu wema walinijibu, ushauri wao ulinisaidia, na hadi leo nawashukuru. Miaka 11 baadaye mdogo wangu, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye kazi yake, alitafuta jina la dawa mojawapo kwenye intaneti, na uzi wangu, yaani chapisho langu pamoja na majibu yake, ukatokea wa tatu katika orodha ya matokeo. Alijitambua kabla ya kumaliza aya ya pili. Hakunigombeza. Alinitumia kiungo cha uzi huo na maneno machache: "Kaka, naomba uiondoe tu. Sitaki mtu mwingine anikute pale."

Niliingia kwenye akaunti yangu ya zamani. Kitufe cha kuhariri kilikuwa kimefungwa dakika 30 baada ya kuchapisha, yaani miaka 11 kabla ya siku ile niliyokihitaji. Niliwaandikia wasimamizi nikaeleza kila kitu. Jibu lilikuja baada ya siku nne, nalo lilikuwa la sentensi mbili: kwamba jukwaa halifuti machapisho kwa sababu kufuta kunavuruga majadiliano, na kwamba kila mwanachama alikubali masharti hayo siku aliyojiunga.

Mtu mmoja niliyemsimulia kisa hiki alinijibu kwa methali tunayoijua sote, kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Nimeitafakari sana methali hiyo, na naona haisemi kile alichotaka iseme. Maji yaliyomwagika hayazoleki, ni kweli, lakini hukauka. Hakuna anayeyakinga kwenye ndoo, akaiandika jina la aliyeyamwaga, kisha akaiweka njiani ili kila mpita njia aione kwa miaka na miaka. Maneno ya mdomo nayo ndivyo yalivyo: husikika, hufurahisha au huumiza, halafu husahaulika polepole, na mtu hupata nafasi ya kukua na kuyaacha nyuma. Watu hawajaanza leo kusema bila kupima. Kilicho kipya ni chombo kinachohifadhi kila kitu na kukitoa kwa yeyote anayeuliza.

Historia ya majukwaa yenyewe inathibitisha hilo. Usenet, mtandao wa majadiliano ulioanza kutumika mwaka 1980, miaka mingi kabla ya kurasa za wavuti, uliendeshwa kwenye seva, yaani kompyuta za kuhudumia mtandao, zenye diski ndogo, hivyo ujumbe ulikaa siku kadhaa au majuma machache kisha ukafutwa ili kupisha mwingine. Walioandika humo walijua kwamba maneno yao yangepita. Mwaka 1995 huduma ya Deja News ilianza kuzihifadhi jumbe hizo na kuzifanya zitafutike, na ndipo watu wakaanza kuweka mwanzoni mwa ujumbe mstari mmoja wa kuomba usihifadhiwe. Mwaka 2001 Google iliinunua hazina hiyo, na kabla ya mwaka kwisha ikafungua kwa umma jumbe zaidi ya milioni 700, za zamani zaidi zikiwa za mwaka 1981. Kwa watafiti ilikuwa hazina kubwa, nami siidharau. Lakini mtu aliyeandika mwaka 1985 kwa kudhani kwamba anazungumza na watu wachache kwa juma moja alijikuta, bila kuulizwa, anazungumza na dunia nzima miaka 16 baadaye. Ni haki kusema kwamba Google iliweka pia njia ya mwandishi kuomba ujumbe wake uondolewe. Hata wao waliona kwamba hazina isiyo na mlango wa kutokea ni tatizo.

Kwa hiyo hoja ya kwamba "ulikubali masharti" hainiingii. Niliyakubali kwa jukwaa la wakati ule, lenye wanachama wachache, lisiloonekana kwenye injini za utafutaji. Jukwaa lilikua, likauzwa, likahamishwa seva, likafunguliwa kwa kila mtu, na masharti yakaandikwa upya mara kadhaa kwa upande wenu. Upande wangu ndio pekee uliotakiwa ubaki vilevile.

Hata hivyo, waheshimiwa, sitaki mdhani kwamba sielewi mnacholinda. Ninakielewa, kwa sababu nimewahi kukikosa. Kompyuta yangu iligoma kuwaka asubuhi ya siku niliyotakiwa kukabidhi kazi, ikawa inaonyesha mstari mmoja tu wa kosa wenye tarakimu na herufi. Nilitafuta mstari huo kupitia simu nikapata uzi mmoja tu duniani uliouzungumzia. Mleta mada alikuwa ameeleza tatizo langu neno kwa neno. Jibu la kwanza lilikuwa la pole, la pili lilikuwa la kukisia, na mahali pa jibu la tatu palikuwa na maandishi ya kijivu: "Ujumbe huu umefutwa na mwandishi." Chini yake mleta mada ameandika: "Asante sana, imekubali! Nimehangaika wiki nzima." Baada yake watu wengine sita nao wameshukuru, kila mmoja kwa furaha yake. Nilikaa nikiyatazama maandishi yale ya kijivu kwa muda mrefu. Jibu langu lilikuwepo pale, liliandikwa, liliwafaa watu saba, na sasa halipo. Nilimkasirikia mtu nisiyemjua kwa hasira ambayo hata leo naweza kuikumbuka.

Ndiyo maana sisemi kwamba kufuta hakuna gharama. Majadiliano ni kitu cha pamoja. Anayetoa tofali lake ukutani anatikisa na matofali ya wenzake. Tuliliona hilo kwa wingi mwaka 2023, pale watumiaji wa jukwaa la majadiliano la Reddit waliokerwa na gharama mpya walizotozwa watengenezaji wa programu za kulitumia jukwaa hilo walipofuta maoni yao ya miaka mingi, na tena mwezi Mei 2024, pale baadhi ya wachangiaji wa Stack Overflow, jukwaa la maswali na majibu ya waandika programu, walipofuta au kuharibu majibu yao kupinga makubaliano ya jukwaa hilo na kampuni ya akili bandia ya OpenAI. Stack Overflow iliyarudisha majibu hayo na kuzisimamisha akaunti za baadhi yao kwa muda. Katika mgogoro huo moyo wangu uko pande zote mbili, lakini nikilazimika kuchagua, nasema kwamba majibu ya kiufundi yaliyotolewa kwa leseni ya wazi (ruhusa kwa yeyote kuyatumia tena), ambayo kila aliyeandika alijua kwamba haiwezi kubatilishwa, si sawa na kilio cha mtu saa nane za usiku kuhusu ndugu yake. Kosa la kanuni nyingi ni kuvipima vitu hivi viwili kwa kipimo kimoja, na kipimo hicho siku zote ni kile cha jibu la kiufundi.

Sheria, kwa sehemu, imeshatutangulia. Mwezi Mei 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika kesi ya raia mmoja wa Hispania dhidi ya Google, kwamba mtu anaweza kudai viungo vya habari zake za zamani zisizo na maana tena viondolewe kwenye matokeo ya utafutaji wa jina lake. Kanuni ya ulinzi wa data ya Umoja huo, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, imeweka haki ya kufutiwa taarifa katika kifungu chake cha 17, ingawa kifungu hichohicho kinaacha nafasi kwa uhuru wa kujieleza na kwa kumbukumbu zenye manufaa ya umma. Tazameni kwamba kesi ile ilihusu maandishi ya wengine juu ya mtu, na hapo ndipo penye ugumu wa kweli, kwa kuwa haki ya mmoja kusahauliwa hugongana na haki ya mwingine kusema. Mimi sijafika huko. Ninayoomba yafutwe ni maneno yangu mwenyewe.

Jimbo la California nalo limewapa walio chini ya umri wa miaka 18, tangu mwaka 2015, haki ya kuondoa walichokichapisha wenyewe. Ninaipenda sheria hiyo, lakini sioni ni kitu gani kinachotokea siku ya kutimiza miaka 18 kinachomzuia mtu asijute. Sheria ninayoiona kuwa na busara kubwa zaidi ni ya Ufaransa, na ni ya muda mrefu kuliko intaneti. Huko, mtunzi wa kazi, hata baada ya kuuza haki zake na kitabu kuchapishwa, ana haki ya kujuta na kuiondoa kazi yake, ilimradi kwanza amfidie yule aliyemuuzia kwa hasara atakayoipata. Sheria hiyo haimwambii mtunzi kwamba majuto yake ni upuuzi, wala haimwambii mchapishaji kwamba hasara yake si kitu. Inakiri kwamba neno lina mwenyewe, na kwamba mwenyewe akilichukua kuna anayeachwa na pengo.

Baadhi yenu mmejaribu njia ya kati, ya kuliacha chapisho lakini kuondoa jina la mwandishi na kuweka "mwanachama wa zamani". Kwa majibu ya kiufundi nadhani hiyo ni njia nzuri, na leseni za wazi za Creative Commons zenyewe zinampa mtoa leseni haki ya kudai jina lake liondolewe pale inapowezekana. Kwa simulizi za maisha, njia hiyo haifai kitu. Mwaka 2006 kampuni ya intaneti ya AOL ilitoa hadharani orodha ya maneno yaliyotafutwa na watumiaji wake wapatao 650,000, kila jina likiwa limebadilishwa kuwa namba, na baada ya siku chache tu waandishi wa gazeti waliweza kumfikia nyumbani mwanamke mmoja kwa kufuata tu mambo aliyokuwa akiyatafuta. Uzi wangu haukuwahi kuwa na jina langu wala la mdogo wangu. Alijitambua kwa darasa, kwa dawa na kwa maneno yake mwenyewe, na ye yote aliyekuwa naye darasani siku ile angeweza kumtambua vilevile.

Basi naomba nini hasa? Naomba kitufe cha kufuta kirudi kwenye kila chapisho, bila ukomo wa dakika wala sharti la kutokujibiwa. Mwanachama akikibonyeza, chapisho lifichwe papo hapo, lakini lisiteketezwe mpaka zipite siku kadhaa, tuseme 14, ili aliyebonyeza kwa hasira apate nafasi ya kutulia na kulirudisha. Siku hizo zikipita, lifutwe kweli: kwenye hifadhidata, kwenye injini ya utafutaji ya jukwaa, na kwenye nakala za akiba zitakapofikia zamu yake ya kubadilishwa. Mahali pake ibaki alama yenye tarehe, ikisema kwamba palikuwa na chapisho na kwamba mwandishi ameliondoa, ili msomaji asidhani kwamba waliojibu walikuwa wakizungumza na hewa. Majibu ya wengine yabaki, hata kama kilichofutwa ni chapisho la kwanza, kwa sababu mleta mada ni mwenye mada lakini si mwenye maneno ya wachangiaji.

Suala gumu zaidi ni la nukuu, na sijaona wengi wakilishughulikia. Mara nyingi mwanachama hufuta chapisho lake kisha akalikuta limenukuliwa zima katika majibu manne yanayofuata, jina lake likiwa juu ya kila nukuu. Katika hali hiyo kitufe cha kufuta ni pambo tu. Mfumo wenu tayari unajua kila nukuu imetoka kwenye chapisho gani, maana ndivyo unavyoweka kile kishale kidogo cha kumrudisha msomaji kwenye asili. Naomba nukuu zinazozalishwa na mfumo zifutike pamoja na asili yake, huku maneno ya aliyejibu yakibaki. Aliyeandika kwa maneno yake mwenyewe kwamba "mleta mada alisema hivi na hivi" aachwe, kwa sababu hayo ni maneno yake naye ana haki nayo kama mimi nilivyo na haki na yangu.

Wako watakaosema kwamba kitufe hiki ni zawadi kwa matapeli na wachochezi, watakaotukana, watatapeli, kisha wafute ushahidi. Hoja hii ni nzito na siipuuzi. Lakini chapisho lililoripotiwa na wanachama, au lililo chini ya uchunguzi, linaweza kuondolewa machoni pa umma huku nakala yake ikibaki kwa wasimamizi kwa muda uliotajwa wazi, ili aliyedhulumiwa apate pa kuanzia. Tusisahau pia kwamba tapeli hahitaji kitufe cha kufuta, kwani yeye hufungua akaunti mpya kesho. Anayebaki amefungwa na maneno yake ya zamani ni mwanachama mwaminifu aliyetumia akaunti moja kwa miaka mingi.

Wengine watasema kwamba haisaidii, kwa kuwa chochote kilichowekwa mtandaoni kimeshanakiliwa na kupigwa picha ya skrini mahali pengine. Huenda. Lakini mdogo wangu hakuukuta uzi ule kwenye picha ya skrini ya mtu. Aliukuta kwenu, kwa kutafuta neno moja. Kuna tofauti kubwa kati ya kitu kilichofichika katika simu ya mtu asiyejulikana na kitu kinachotokea cha tatu kwa kila anayeuliza jina la dawa. Mlango unaofungika hauzuii kila mwizi, ila hakuna anayejenga nyumba bila mlango kwa sababu hiyo.

Kuhusu muda, kuna mfano mmoja ambao kila mtu anao mfukoni. WhatsApp ilipoanzisha uwezo wa kufuta ujumbe kwa wote mwaka 2017, iliwapa watu dakika 7 tu. Mwaka uliofuata muda huo uliongezwa hadi zaidi ya saa moja, na mwaka 2022 ukafika zaidi ya siku mbili. Kila mara waliuongeza, kwa sababu majuto hayaji kwa saa ya msimamizi. Langu lilichukua miaka 11, na halikuanza hata na mimi, lilianza na mtu niliyemwandika bila kumwomba ruhusa alipokuwa bado mtoto.

Ninajua kwamba nilikosea kwa kuyaandika mambo yake. Nimemwomba msamaha na amenisamehe. Ninachoshindwa kukikubali ni kwamba jukwaa limenizuia nisirekebishe kosa ambalo nimelikiri, ambalo aliyeumizwa ameniomba nilirekebishe, na ambalo kulirekebisha hakumgharimu mwingine yeyote zaidi ya mstari mmoja wa maandishi ya kijivu.

Wiki iliyopita niliufungua tena uzi ule. Upo. Chini yake kuna jibu jipya la mtu anayeuliza, baada ya miaka yote hiyo, "Vipi, mdogo wako alipona?" Ningependa kumjibu mtu huyo kwa faragha, kwa sababu ameuliza kwa huruma, kisha niliondoe chapisho langu. Nimewaandikia wasimamizi wa jukwaa hilo kwa mara ya pili nikiambatanisha barua hii, na ninasubiri jibu lao, kama ninavyosubiri lenu.

Kwa heshima,
Mwanachama wenu